Doria iliyozingirwa Radfan, 30 Aprili 1964: uchambuzi wa kisa

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili 1964, doria ndogo ya SAS, kikosi maalumu cha Uingereza, ilikuwa ikipanda milima ya Radfan kaskazini mwa Aden, eneo ambalo leo ni Yemen. Mkuu wake alikuwa Kapteni Robin Edwards, na wote pamoja naye hawakuzidi kumi. Kazi yao ilikuwa kufika kwenye uwanja ambako askari wa miamvuli wa Parachute Regiment wangedondoshwa usiku uliofuata, kuulinda na kuuwekea alama za taa. Hawakufika. Mchana waligunduliwa, wakazingirwa na wapiganaji wa makabila ya Radfan, wakajihami hadi jua likazama, kisha wakapenya. Watu wawili walikufa, Edwards akiwa mmojawapo. Waliobaki walirudi kwa miguu, baadhi yao wakiwa na majeraha.

Kwa watu wachache hivyo, waliotazamwa kutoka juu na wenyeji wanaokijua kila kijiwe cha mlima ule, kutoka wengi wao wakiwa hai si jambo dogo. Ukikifuatilia kisa hatua kwa hatua utaona kwamba mengi yaliamuliwa wakati hakuna aliyekuwa anafyatua risasi: saa kadhaa kabla ya kugunduliwa, na tena katika saa zile za kungoja giza. Huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Mgonjwa mmoja na saa zilizopotea

Askari wa mawasiliano, Nick Warburton, aliugua tumbo njiani. Katika doria ndogo ugonjwa wa mtu mmoja huwa wa wote, kwa kuwa msafara huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu. Watu wazima wenye mizigo, usiku, kwenye mlima wa mawe usio na njia, huenda kilomita moja au moja na nusu kwa saa. Akiwemo mtu anayelazimika kusimama kila baada ya dakika 10, mwendo huo hushuka hadi nusu. Saa 10 za giza zilizotosha kilomita 12 sasa zinatosha kilomita 6. Na aliyeugua hapa ndiye mwenye redio kubwa, mzigo ambao haugawanyiki kama risasi au maji.

Ilipodhihirika kwamba wasingefika kabla ya alfajiri, kulikuwa na njia tatu. Kuendelea, jua liwakute kwenye mteremko mtupu. Kugeuza, na kazi ya kikosi kizima cha miamvuli iharibike. Au kujificha walipo, wamalizie safari usiku unaofuata. Edwards alichagua ya tatu, na wakuu wengi wa doria wangechagua hiyohiyo. Waliingia ndani ya kuta za mawe zilizojengwa zamani na wenyeji, kijiji kikiwa chini yao, si mbali.

Mahali pa kujificha mchana panapimwa kwa maswali ambayo hayana msamaha. Je, pana maji, njia au malisho karibu? Je, kuna ardhi ya juu zaidi ndani ya masafa ya bunduki? Je, unaweza kutoka kwa njia mbili zilizofichika, hata mchana? Kuta za mawe zilijibu swali moja tu, la kinga dhidi ya risasi. Kijiji kilikuwa karibu, vilele viliwatazama kutoka juu, na mlango wa kutokea ulikuwa mteremko ulio wazi. Zaidi ya hayo, katika nchi kavu ya milima mbuzi hupelekwa kila penye kichaka na kivuli. Penye majani ya kumficha askari pana majani ya kulishia mbuzi, na doria ikiketi hapo mchana kutwa ihesabu kwamba itatembelewa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya saa sita mchana mchungaji wa mbuzi aliwafikia, na muda mfupi baadaye risasi zilikuwa zinaruka.

Jambo la mchungaji linastahili kupangwa kabla ya kuondoka kambini, kwa kuwa hakuna doria inayopata muda wa kulijadili mlimani. Raia asiye na silaha analindwa na sheria za vita. Kumuua ni kosa, na mlio wa bunduki wenyewe huwaita watu kijiji kizima. Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kumshika kwa utulivu hadi giza liingie, ukijua kwamba inahitaji mtu mmoja au wawili wa kumlinda, kwamba mbuzi wake hawatatulia, na kwamba jioni atatafutwa. Ya pili ni kumwacha aende na kuondoka papo hapo. Hapo hesabu ni ya kutembea: kijiji kikiwa umbali wa kilomita moja, mchungaji atatumia dakika 15 hadi 20 kufika, na wenye bunduki muda kama huo au pungufu kurudi. Doria ina nusu saa hivi. Kijiji kikiwa mita 300, haina kitu.

Kukimbia mara moja au kungoja giza

Mzingiro haushuki kutoka mbinguni ukiwa duara kamili. Huanza upande mmoja, ule wanakotoka watu, kisha hutanuka pembeni kadiri wengine wanavyofika na kutafuta mahali pa kupigia. Katika dakika 20 za mwanzo upande wa pili huwa wazi, au una watu wawili watatu tu. Kwa sababu hiyo kanuni ya kawaida ya doria ndogo ni kujinasua mapema: kila dakika inayopita inamwongezea adui watu na inakupunguzia risasi.

Namna ya kawaida ya kujinasua ni ya kupokezana. Watu wanane wako katika mstari, mmoja nyuma ya mwenzake. Wa mbele anamimina magazini, anageuka, anapita pembeni mwa wenzake kwenda nyuma kabisa, na wa pili anaanza. Kila mmoja akitumia sekunde 6 hadi 8 na risasi 20, doria inatoa takriban dakika moja ya moto usiokatika kwa risasi 160, na adui huinamisha kichwa akidhani amekutana na kikosi kikubwa. Inafanya kazi vizuri sana adui akiwa upande mmoja. Akiwa pande mbili au zaidi, kila anayekimbilia nyuma anaukimbilia mtutu mwingine. Wapo waliofundishwa mbinu hii hadi ikawa mazoea ya mwili, na ndani ya mzingiro mazoea hayo yanaua.

Je, Edwards alipaswa kutoka mara ile ile? Tunaona alifanya sawa kubaki. Kutoka mapema kunafaa ikiwa huna msaada wowote wa silaha kubwa, au giza liko mbali kuliko uwezo wako wa kuhimili, na wakati huohuo unaujua mwanya, na kila mtu wako anaweza kukimbia. Yeye alikuwa na mgonjwa. Mteremko ulikuwa mtupu, na wapiganaji wa Radfan walikuwa walenga shabaha waliokua na bunduki mkononi, tayari wakipanda kwenye miamba ya juu. Kwa upande mwingine alikuwa na kuta za mawe, na alikuwa na redio iliyoweza kuita ndege.

Ndege ndizo zilizobadilisha hesabu. Hunter, ndege za kivita za Uingereza, za Skwadroni za 43 na 208, zikiruka kutoka kambi ya anga ya Khormaksar huko Aden, zilikuja mara kwa mara mchana ule na kupiga miamba iliyoizunguka doria. Hunter moja ina mizinga minne ya milimita 30. Haimtoi mtu aliye pangoni au nyuma ya jabali nene, ila inamzuia kuinuka na kukimbia mita 50 kwenda jabali la mbele, na mzingiro usioweza kusogea hauwezi kubana.

Msaada wa namna hii una masharti. Rubani anaona mlima mzima wa rangi moja. Asipojua ulipo, wewe na adui ni mawe yaleyale. Lazima umpe alama, kitambaa cha rangi kali kilichotandazwa au kioo cha kumulikia, kisha umweleze shabaha kwa mwelekeo na umbali kutoka kwenye alama hiyo. Mruko wa kupiga uende sambamba na mstari wako, usipite juu ya vichwa vyenu. Sababu ni kwamba makosa ya mizinga ya ndege ni makubwa zaidi mbele na nyuma kuliko kulia na kushoto: rubani akichelewa sehemu ndogo ya sekunde, risasi huangukia makumi ya mita mbele ya alipokusudia. Akiwa sambamba nawe, kosa hilo halikugusi.

Namna ya kuzitumia saa saba

Tuchukue hesabu ya risasi kwa mfano. Bunduki ya SLR hubeba risasi 20 kwa magazini. Askari mwenye magazini tano ana risasi 100. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 12 jioni ni dakika 420. Magazini mbili ni za kupenyea na haziguswi kabisa. Zinabaki risasi 60, yaani moja kila baada ya dakika 7. Ni kidogo mno ukilinganisha na hamu ya mtu anayepigwa kutoka juu, na hapo ndipo doria nyingi hujimaliza zenyewe: zinajibu kila mlio. Amri inayofaa ni kwamba anafyatua aliyeona mtu, si aliyesikia risasi, na kila saa magazini zinahesabiwa na kusawazishwa kati ya wote. Mabomu ya mkono yote yanawekwa kwa ajili ya usiku, isipokuwa adui amefika kwenye ukuta.

Maji yanafuata. Juani, mtu aliyelala nyuma ya mawe bila kufanya kazi nzito anahitaji si chini ya nusu lita kwa saa. Saa saba ni lita tatu na nusu, na bado usiku mzima wa kutembea unamngoja. Anayeyabana maji mchana ili yamfae usiku huanza safari akiwa tayari amelegea; ni afadhali ayanywe kwa mpango na aanze usiku na maji mwilini, akiwa na chupa moja iliyojaa kiunoni.

Warburton aliuawa kabla doria haijatoka. Mwasiliani anapokufa, uzi wa doria nzima unaning'inia kwa yule wa pili anayejua redio. Yeye anapaswa kujua masafa ya kawaida na ya dharura, ishara za siku, namna ya kubadilisha betri na namna ya kumpa rubani shabaha, na ayajue hayo kambini, asije kujifunza mahali ambapo mwenzake amelala chini. Tungependa kila mtu katika doria aweze walau kuita na kutaja alipo.

Saa mbili za mwisho kabla ya machweo ni za kazi nyingi, na zote zifanyike kukiwa na mwanga. Nyaraka na namba za siri zinachomwa mchana, kwa kuwa moto wa usiku unatangaza kuondoka. Redio nzito isiyobebeka inavunjwa ndani kwa ndani, si kupigwa jiwe juu ya kifuniko tu. Mashanta yanaachwa. Mtu anabaki na silaha, risasi, maji, dira, bandeji na kitu kimoja cha kujikinga na baridi. Kila kinachogongana kinafungwa kwa kitambaa, kisha kila mtu anatikiswa mabegani huku mwenzake akisikiliza. Kuna wakuu wa doria wanaoona uchungu kuacha vifaa. Shanta la kilo 30 kwenye mteremko wa mawe lina maana moja tu: dakika ya kwanza ya kupenya inakuwa dakika tatu.

Upande wa kutokea

Tangu mchana, mtu mmoja aandike kila nusu saa risasi zinatoka wapi na ni za bunduki ngapi. Jioni karatasi hiyo ndiyo ramani ya mzingiro. Upande unaokaa kimya unaweza kuwa mtupu, au unaweza kuwa na watu wavumilivu, kwa hiyo ujaribiwe kabla ya giza, kofia ikiinuliwa upande huo, jiwe likirushwa, na muda mfupi wa kutazama kinachojibu.

Adui hutegemea utoke kwa njia mbili: uliyoingilia, na ile inayoelekea kwenu. Huko ndiko atakakoweka bunduki zake nzuri usiku. Mwanya unaofaa mara nyingi uko kwenye ardhi mbaya, genge au korongo lenye mawe makubwa, ambako yeye mwenyewe hakupenda kukaa. Ukishatoka mita mia kadhaa, ndipo unapogeuka kuelekea kwenu.

Kwa kila upande unaofikiriwa pimeni kwa macho mambo mawili: kutoka ukutani hadi kinga ya kwanza ni mita ngapi, na hapo katikati nani anakuona. Zaidi ya mita 150 za uwazi ni nyingi mno. Mtu anayekimbia gizani juu ya mawe, akianguka mara moja, hutumia karibu dakika nzima kwa mita 100. Halafu vituo vya kukutania: cha kwanza mita 300 hadi 500 kutoka ukutani, cha pili kilomita moja au mbili mbele, kila kimoja kikiwa na mwelekeo wa dira na muda wa kungoja, kwa mfano dakika 10 kwa cha kwanza na nusu saa kwa cha pili. Kila mtu arudie kwa mdomo wake. Anayeitikia kwa kichwa hajaelewa hadi aseme namba.

Majeruhi ni hesabu ngumu kuliko zote. Machela kwenye mlima hutaka watu wanne. Doria ya watu wanane yenye majeruhi mmoja asiyeweza kutembea ina wabebaji wanne na wapiganaji watatu. Wakiwa wawili, wazima ni sita, na hawatoshi hata kubeba. Ndiyo maana kila jeraha la mguu linafungwa mapema na kwa nguvu, kwa lengo moja: mtu huyu asimame na kutembea jioni, hata kwa maumivu. Dawa kali ya maumivu humfanya asinzie. Apewe kiasi cha kumwezesha kutembea, si cha kumlaza. Miili ya waliokufa hubaki. Huko Radfan miili hiyo ilibaki, na kilichofuata kilikuwa kibaya mno: vichwa vilikatwa na kuonyeshwa Yemen Kaskazini, na familia nyumbani, zilizoamini kwamba wapendwa wao wako mazoezini Uingereza, zikapata habari kwa njia hiyo. Hilo halibadilishi uamuzi wa kutobeba miili katika mzingiro, ila linaeleza kwa nini mkuu wa doria anapaswa kuutamka yeye mwenyewe, waziwazi, mbele ya wote, badala ya kuuacha uamuliwe na anayeburuta mwenzake gizani.

Dirisha la giza

Radfan mwishoni mwa Aprili jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni. Ndege zikishaondoka kuna nusu saa au zaidi ambayo bado ina mwanga wa kulengea bunduki na haina msaada wa juu. Adui anajua hivyo, na ndipo anapojisogeza. Huu ni wakati hatari kuliko mchana wote, na risasi zilizookolewa zinaanza kuonyesha thamani yake hapo.

Kisha kuna mwezi. Tarehe 30 Aprili 1964 ulikuwa umepita utimilifu kwa siku nne hivi. Maana yake ulichelewa kuchomoza kwa zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama, na ulipotoka ulikuwa mkubwa wa kutosha kuangaza mlima mzima. Doria ilikuwa na dirisha moja la giza totoro, mapema usiku. Kungoja saa sita usiku, jambo linalomjia mtu kwa urahisi kwa kudhani adui atakuwa amechoka, kungewatoa chini ya mwezi. Walitoka mara giza lilipoingia. Kila doria inapaswa kuondoka kambini ikijua saa za machweo, mawio na mwezi kwa usiku wote itakaokuwa nje, na si usiku wa kwanza pekee.

Jicho lahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwako mmoja wa mtutu unaufuta uzoefu huo. Mwenye nidhamu ya kutofyatua dakika 20 kabla ya kutoka atamwona adui kabla ya kuonwa.

Dakika za kwanza

Mpangilio unaokubalika ni huu: wawili mbele, mkuu wa doria wa tatu, majeruhi katikati kila mmoja akiwa na mwenzake, naibu karibu na mwisho, na wawili imara kuliko wote nyuma. Nafasi kati ya mtu na mtu ni ya mkono kufikia bega, au mita mbili tatu palipo na mwanga hafifu. Mbali zaidi ya hapo msafara unakatika.

Hutoka kimya. Hakuna anayefyatua hadi wagunduliwe. Wakigunduliwa, wote hupiga mbele wakienda, na hawalali chini. Sababu yake ni umbo la mzingiro wenyewe: waliokuzunguka wanatazamana, na wakipiga ovyo kuelekea katikati wanapigana wao kwa wao. Ukishaufikia mstari wao wanasita. Ukilala kati ya ukuta na mstari, umejiweka mahali pekee ambapo wote wanaweza kukupiga bila kuogopa. Bomu la mkono lirushwe mbele kabla ya kukimbilia kizuizi, mita 25 hadi 30, na fyuzi ya sekunde nne au tano. Kwenye mteremko msirushe kuelekea juu. Litabingirika na kuwarudia. Moshi usiku hausaidii sana hadi adui awe na mwanga wa kumulika angani. Fataki ya mwanga ikiruka, ganda ulipo na ufumbe jicho moja. Ikizimika, una jicho moja linaloona.

Edwards aliangushwa hapa, mwanzoni kabisa mwa kutoka. Ni mahali ambapo mkuu wa doria huanguka mara nyingi, kwa kuwa yuko karibu na mbele na ndiye anayegeuka nyuma kuwaangalia watu wake. Msafara haukusimama. Hiyo inawezekana tu kama kila mtu anajua nani anafuata kwa uongozi, hadi mtu wa tatu na wa nne, na kama mwelekeo wa dira na vituo vya kukutania viko vichwani mwa wote, si kwenye ramani ya aliyeanguka.

Mizinga ya ardhini, ikiwepo ndani ya masafa na ikiwa imeshapimiwa shabaha mchana, hupewa kazi moja nzuri kwa wakati huu: kupiga ile ngome baada ya doria kuiacha. Adui anayevamia ukuta akidhani bado mmo anajikuta chini ya makombora, na anapoteza nusu saa kabla ya kujua mmeondoka. Saa ya kupiga ihesabiwe kwa uangalifu. Mafundisho ya Marekani huhesabu makombora ya mizinga na mota yanayoangukia chini ya mita 600 kutoka kwa askari wako kuwa karibu mno, na watu wanaotembea hawana tena ukuta.

Kwenye kituo cha kwanza kazi ni kuhesabu vichwa, na si zaidi ya dakika 10. Jambo hili linaonekana dogo. Miaka 27 baadaye, huko Iraq, doria nyingine ya SAS ya watu wanane iliyojulikana kama Bravo Two Zero ilikatika vipande viwili usiku wa 24 Januari 1991, wa mbele wakiendelea bila kujua kwamba wa nyuma wamesimama. Watatu walikufa, wanne wakatekwa, mmoja akatembea hadi Syria. Ni kukatika kwa msafara, kimyakimya, bila risasi. Dawa yake ni hesabu inayopitishwa kwa mkono kutoka nyuma kwenda mbele kila msafara unaposimama, na amri kwamba wa mbele haanzi kutembea kabla namba haijamfikia.

Wanaofuata nyuma

Waliovuka mzingiro Radfan walijikuta wanafuatwa, na hapa ndipo tunapowapa heshima yao kamili. Askari wa nyuma walisikia hatua, wakajitenga, wakawavizia waliokuwa wakiwafuata, kisha wakaendelea. Walifanya hivyo zaidi ya mara moja usiku ule.

Uviziaji wa namna hii ni kazi ya watu wawili. Wanaondoka kwenye njia kwa mita 10 hadi 15, juu yake ikiwezekana, nyuma ya jiwe. Vizuri zaidi ni kupita mbele kidogo kisha kuzunguka kama ndoana na kurudi kuitazama njia yenyewe, ili anayesoma nyayo awe amepita mbele ya mitutu kabla hajagundua kwamba zimepinda. Wafuatiliaji waachwe wafike mita 10 au 15. Nusu magazini kila mmoja, kisha kuondoka mara moja, bila kukagua. Mkikaa kutazama matokeo, wa nyuma yao watawakuta. Na msivizie mara mbili kwa namna moja: mara ya kwanza juu ya njia, mara ya pili chini yake au kwenye kona.

Faida kubwa si idadi ya wanaoanguka. Anayefuata nyayo usiku, akishavamiwa mara moja, huanza kusimama kwenye kila kona na kila jabali. Mwendo wake unakuwa wa doria yenye majeruhi au chini ya hapo, na masaa ya usiku yanaanza kuhesabika upande wa wanaokimbia.

Msafara nao una nidhamu yake. Kutembea dakika 10, kusimama dakika moja au mbili kwa ukimya kamili, kusikiliza. Kukwepa mchanga na kupendelea mwamba. Kutofuata sakafu ya korongo kwa muda mrefu, ingawa ni rahisi kwa majeruhi, maana sauti hupanda juu na njia za kutoka ni mbili tu. Kuhesabu hatua: mtu mmoja hahusiki na kingine chochote ila hatua na dira, kwa sababu watu waliochoka huteremka bila kujua, wakifuata mahali miguu inapopenda.

Kukaribia wenzao

Kituo cha Uingereza kilikuwa Thumier, na waliobaki walikifikia wakiwa wamechoka kupita kiasi. Hatua hii huua watu waliokwisha kuokoka. Walinzi wa kambi wamesikia milio usiku kucha, hawana redio na doria, na wanaona vivuli vyenye bunduki vikitoka upande wa adui. Kusimama nje ya masafa ya bunduki, kulala chini na kungoja mwanga ni salama kuliko neno la siri lolote la jana. Kukiwa kweupe, mtu mmoja husogea peke yake, mikono wazi, bunduki imening'inia mgongoni, akizungumza kwa sauti kwa lugha yake. Wengine hubaki hadi waitwe, na huingia kwa kuhesabiwa.

Uwanja wa kudondoshea haukupata taa zake. Ule mruko wa miamvuli ulifutwa, na vilele vya Radfan vikaja kuchukuliwa na askari waliopanda kwa miguu.